Pafu Jipya, Figo Lilelile

Juni 11, 1963, mjini Jackson, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Mississippi nchini Marekani, Dk. James Hardy alimpandikizia mgonjwa pafu la marehemu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu. Mgonjwa alikuwa mfungwa wa maisha aliyepatikana na hatia ya mauaji. Alikuwa na saratani ya pafu la kushoto, na mafigo yake yalikuwa mabovu tangu kabla ya upasuaji. Aliashiriwa kwamba huenda akapunguziwa adhabu. Ridhaa ya mtu aliye katika hali hiyo inanisumbua hadi leo.

Pafu lilipumua vizuri. Siku ya 18 mafigo yalimuua.

Kwa miaka 15 iliyofuata madaktari duniani walijaribu mara kama 40, na karibu wagonjwa wote walikufa mapema: mwili ulilikataa pafu, au maambukizi yaliwahi, au mshono wa njia ya hewa uliachia. Aliyeishi muda mrefu zaidi, mgonjwa wa Ubelgiji mwaka 1968, alifikisha miezi 10.

Mambo yalibadilika kwa siklosporini, dawa iliyotokana na kuvu wa udongoni, ambayo hutuliza kinga ya mwili isishambulie kiungo kigeni. Mwaka 1983 mjini Toronto, Dk. Joel Cooper alimpandikizia mwanamume wa miaka 58 pafu moja. Mtu huyo alirudi kazini, akaishi zaidi ya miaka sita. Naye alikufa kwa mafigo kushindwa.

Safari hii chanzo kilikuwa kingine. Siklosporini hubana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye vichujio vya figo. Miaka ikipita, vichujio hivyo hugeuka makovu. Daktari wa upasuaji Roy Calne wa Cambridge aliiona athari hiyo alipoanza kuwapa wagonjwa dawa hiyo mwaka 1978. Takrolimasi, dawa nyingine ya kutuliza kinga iliyogunduliwa Japani mwaka 1984, nayo huyaumiza mafigo vivyo hivyo. Lakini mgonjwa akiacha dawa, pafu linakataliwa.

Uzito wa tatizo ulidhihirika mwaka 2003, utafiti wa Marekani uliofuatilia wapokeaji 69,321 wa viungo visivyo figo ulipochapishwa. Kati ya waliopandikiziwa mapafu, takriban 16 katika kila 100 walipata ugonjwa sugu wa figo kushindwa ndani ya miaka mitano. Katika kundi zima, aliyefikia hali hiyo alikabiliwa na hatari ya kifo zaidi ya mara nne ya wengine.

Kwa hiyo leo kiwango cha dawa hupimwa kwenye damu mara kwa mara, na dozi hushushwa mafigo yanapoanza kulegea. Yakishindwa kabisa, baadhi ya wagonjwa hurudi chumba cha upasuaji kupandikiziwa figo.