Je, foto inaweza kushika roho ya mtu?

Kuna swali moja mnalotuletea hapa redioni kwa njia nyingi. Mmoja anauliza kama ni kweli kwamba watu watatu wakipigwa foto pamoja, yule wa katikati atatangulia kufa. Mwingine anakataza mtoto wake mchanga asipigwe foto. Mama mmoja ameambiwa na mtu anayejiita nabii kwamba foto ya mume wake imefukiwa makaburini, na kuifukua kunataka sadaka ya dola. (Kwa wale watatu, jibu ni fupi: katika kila watu watatu lazima mmoja atangulie, wapigwe foto au wasipigwe.) Leo tuangalie historia ya jambo hili.

Foto haikuwepo siku za Musa wala siku za Paulo. Mfaransa Louis Daguerre ndiye ambaye kazi yake ilitangazwa Paris mwaka 1839. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba hofu ya foto ni mila ya mababu tangu zamani za kale, ujue haijafikisha hata miaka mia mbili. Mababu waliogopa kivuli kukanyagwa, na kucha na nywele kuokotwa na adui. Foto ilipofika, wakaivika nguo hiyo ya zamani.

Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson alipita kwa Wataita, katika nchi inayoitwa leo Kenya. Alipotaka kuwapiga picha, walimwona kuwa mchawi anayetafuta roho zao, na kwamba akipata sura zao watakuwa mikononi mwake kabisa. Miaka michache baadaye, huko Madagascar, daktari Mfaransa Catat alipiga picha jamaa ya mfalme wa Wabara. Kesho yake watu wakamgeukia, wakisema amechukua roho ili akaziuze Ufaransa. Alikana bure. Ilibidi azikamate zile roho kwa desturi ya nchi, zitiwe ndani ya kikapu, kisha aziamuru zirudi kila moja kwa mwenyewe.

Tusiwacheke. Fikirieni mgeni asiyejulikana, mwenye sanduku juu ya miguu mitatu, anajifunika kichwa kwa kitambaa cheusi, anachukua sura yako, na hutamwona tena. Na katika kioo cha kwanza, kile ambacho picha hutolewa kwacho, rangi zimegeuka: mtu mweusi anaonekana mweupe. Kwa Wakongo wa upande wa bahari, weupe ulikuwa rangi ya wafu. Nani asingeogopa?

Tena wazungu wenyewe waliogopa. Mwandishi mkubwa wa Ufaransa, Balzac, aliamini kwamba mwili una tabaka nyingi kama maganda ya kitunguu, na kila picha inaondoa moja. Rafiki yake Nadar, mpiga picha, ndiye aliyetusimulia. Huko Scotland pia walikuwapo watu waliokataa kupigwa picha wakiogopa mkosi.

Baada ya hofu yakaja matumaini, na hayo ndiyo yaliyoleta biashara. Katika Marekani, vita vya 1861 hadi 1865 viliua watu zaidi ya laki sita. Karibu kila nyumba ilikuwa na kilio. Wakati huo huo, katika mji wa Boston, mtu aitwaye William Mumler alianza kuuza picha ambazo nyuma ya mteja ilionekana sura hafifu ya ndugu yake aliyekufa. Wajane walilipa, walilia, walishukuru. Hata mjane wa rais Lincoln alikwenda kwake, akapata picha yenye kivuli cha mume wake juu ya mabega yake. Namna ya kufanya hivyo ilijulikana na wapiga picha: kioo kilichokwisha kupokea sura moja kinatumika tena kwa sura ya pili. Baadhi ya hizo «roho» zilitambuliwa kuwa watu wa Boston waliokuwa bado hai! Mwaka 1869 alishitakiwa New York, lakini akaachiliwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na wateja hawakuisha. Mtu aliyefiwa hatafuti ushahidi.

Na sisi hapa Congo tumefiwa kiasi gani? Ni nyumba ngapi ambamo kuna mtoto au baba ambaye hajaonekana tangu vita? Ndiyo maana anapotokea mtu kusema, «Nitumie foto yake kwa WhatsApp, nitaona kama yu hai», mama anatuma. Anatuma na pesa.

Lakini foto ina nguvu nyingine, na nchi yetu inaijua kuliko nchi nyingi. Tarehe 14 Mei 1904, kwenye misioni ya Baringa, kando ya mto Maringa, alifika mwanaume aitwaye Nsala. Alileta ndani ya majani mkono na mguu wa binti yake Boali, wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mama misionari Alice Seeley Harris alimkalisha kwenye baraza, akampiga picha akitazama vile viungo. Picha ile na nyingine za namna hiyo zilionyeshwa kwa taa ukutani, katika makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani. Pamoja na maandishi ya Morel na ripoti ya Casement, zilimtia aibu Leopold II, na mwaka 1908 akalazimika kuiachilia Congo, ikawa mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Taabu ya watu wetu haikuisha siku hiyo, lakini mfalme alishindwa kukana. Roho ya Boali haikuwa ndani ya kile kioo. Kioo kilishuhudia tu.

Sisi Wapentekoste tunaamini kwamba pepo wapo na kwamba ulozi ni kazi ya giza. Hatukufuta hilo. Ila mlozi aliyeshika foto yako ameshika karatasi, na nabii aliyeshika foto yako naye ameshika karatasi.

Ndugu wengine watatuuliza: na leso za Paulo katika Matendo 19? Someni vizuri. Luka anaandika kwamba ilikuwa miujiza isiyo ya kawaida, na hasemi popote kwamba leso ziliuzwa. Mbele kidogo katika sura ile ile, wana wa Skewa wanalitumia jina la Yesu kama chombo, nao wanakimbia uchi wenye majeraha. Someni pia 2 Wafalme 18: nyoka wa shaba alitengenezwa kwa amri ya Mungu mwenyewe, lakini watu walipoanza kumfukizia uvumba, Hezekia alimvunja vipande. Kama Mungu hakuachilia hata nyoka ile, itakuwaje kalenda yenye sura ya mchungaji, inayobandikwa mlangoni ili wezi na wachawi wasiingie?

Lililo baya zaidi ni foto ya familia inayopelekwa katika chumba cha maombi, mtumishi anaitazama, anaweka kidole juu ya mtoto mmoja: huyu ndiye mlozi. Mtoto anafukuzwa, analala sokoni. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu mtu anayemshitaki mtoto kwa uchawi, naye mchungaji hakuondolewa katika sheria hiyo. Mzazi aliyeambiwa neno kama hilo asimfukuze mtoto. Aje naye kwetu, wote wawili, tukae pamoja.

Foto ambazo wasikilizaji wameacha hapa redioni ili ziombewe ziko salama ndani ya bahasha. Hatuziwekei mikono wala mafuta. Tumeandika majina yaliyo nyuma yake, na majina hayo tunayataja mbele za Bwana katika maombi ya alfajiri. Wenyewe mpite kuzichukua, kuanzia Jumatatu, asubuhi hadi saa sita. Zile za watu waliopotea, mje na mtu mmoja wa familia anayejua siku na mahali walipoonekana mwisho, tuandike yote vizuri.