Taa ya Kompyuta Ikipepesa, Usikimbilie Kununua Bodi

Mwaka juzi madrasa ya mtaani kwetu ililipa shilingi 9,000 kubadilisha bodi ya kompyuta ya ofisi. Ilikuwa Dell OptiPlex, moja kati ya tatu tulizonunua zikiwa zimeshatumika. Asubuhi hiyo Ustadh alibonyeza kitufe cha kuwashia, feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi, na kitufe chenyewe kikaanza kupepesa kwa rangi ya chungwa: mara 3, kimya kidogo, kisha mara 1. Fundi tuliyempelekea mjini alihesabu, akatazama karatasi aliyoibandika ukutani, akageuka: "Maalim, hii bodi imekufa." Tukachanga. Nyingi katika pesa zile ni ada za wazazi ambao nawajua, na mimi niliyesomea mambo haya kidogo nilisimama pale na sikuuliza hata swali moja.

Miezi minane baadaye ya pili ikafanya vilevile. Tatu, kisha moja. Safari hii nilikaa nayo mwenyewe baada ya swala ya Isha na kufungua kitabu cha mashine hiyo kwenye tovuti ya watengenezaji. Kwa mashine hiyo, 3 kisha 1 maana yake ni kwamba betri ya saa imekwisha. Ni ile betri ya duara, mfano wa sarafu, iliyoandikwa CR2032, na bei yake haizidi mahamri na mbaazi ya watu wawili. Nikabadilisha, mashine ikawaka. Betri kuisha si kosa la mtu, ni umri tu. Lakini karatasi ya yule fundi ilikuwa ya mashine za kizazi cha nyuma, ambazo kwazo 3 kisha 1 ni dalili kwamba huenda kadi iliyochomekwa au bodi yenyewe ina hitilafu. Simwiti mwongo. Alihesabu sawasawa, ila alisoma karatasi ya mashine nyingine. Ile bodi yetu ya kwanza hatukurudishiwa, na sina shaka kubwa kwamba ilikuwa nzima.

Tangu hapo nimeulizwa na watu wa saiba, walimu wa shule na jirani mmoja anayechapisha kadi za harusi, wote kuhusu taa hizi. Nimeona heri niandike mara moja.

Ukiwasha kompyuta, kabla Windows haijaonekana, bodi hujikagua kwa zamu: umeme umefika? Prosesa ipo? RAM inajibu? Kuna njia ya kutoa picha? Diski ya kuanzia iko wapi? Ikikwama mwanzoni mwanzoni, skrini bado haina picha, kwa hivyo bodi haina mdomo wa kusemea isipokuwa taa au mlio. Taa basi inakuonyesha ukaguzi ulikwama wapi. Haikuhakikishii kwamba kipande cha mahali hapo kimekufa. Taa ya RAM inaweza kuwaka kwa sababu RAM imeharibika, au imekaa vibaya, au mfereji wake umeingia vumbi, au pini moja chini ya prosesa imepinda, kwa kuwa siku hizi anayeiongoza RAM ni prosesa. Kasoro nne tofauti, taa ni ile ile, na bei zake zimepishana sana.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kuijua mashine yako kwa jina kamili na kizazi chake. Dell huwa na kibandiko chenye herufi na tarakimu 7 kilichoandikwa Service Tag. Ingiza hizo kwenye tovuti yao na utapewa kitabu cha mashine hiyo hiyo. Jina pekee halitoshi. Kuna OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, na kampuni ikalirudia jina hilo hilo kwa mashine ya mwaka 2023. Mtu akitafuta mtandaoni kwa jina tu, anaweza kuletewa majibu ya mashine iliyotangulia kwa miaka zaidi ya kumi.

Nianze na hizo Dell kwa sababu ndizo zimejaa maofisini na mashuleni kwetu. Hesabu mipepeso ya kwanza, subiri kimya kifupi, hesabu ya pili. Kimya kirefu kinamaanisha inaanza upya. Rekodi kwa simu, usiamini macho, maana mara ya kwanza kila mtu hukosea.

Katika kizazi cha 7010 ya zamani, 3020, 7020 na 9020, 2 kisha 1 ni bodi. 2 kisha 2 ni bodi, pawa saplai au nyaya zake. 2 kisha 3 ni bodi, RAM au prosesa. 2 kisha 4 ni betri ya saa. 2 kisha 7 ni kwamba RAM imeonekana lakini ina hitilafu, na 3 kisha 3 ni kwamba RAM haikuonekana kabisa. Njoo sasa kwa kizazi kipya zaidi: 2 kisha 1 ni prosesa, 2 kisha 3 ni kwamba hakuna RAM iliyoonekana, 2 kisha 4 ni RAM yenye hitilafu, 2 kisha 6 ni bodi, na 3 kisha 1 ni ile betri yetu. Itazame hiyo 2 kisha 4. Kwa mashine ya zamani ni betri, kwa mpya ni RAM. Mwenye karatasi moja ukutani atauza RAM kwa mtu aliyehitaji betri, na betri kwa aliyehitaji RAM, wala hatajua.

HP Compaq za zamani, kama 6200 Pro na 8200 Elite, hupepesa nyekundu mara moja kila sekunde huku zikilia, kisha hupumzika sekunde mbili. Mara 2 ni joto limezidi, mara 3 prosesa haikuonekana, mara 4 umeme, mara 5 RAM, mara 6 picha, mara 7 bodi, mara 8 programu ya BIOS imeharibika. Mlio hunyamaza baada ya mizunguko mitano lakini taa huendelea, kwa hivyo ukifika umechelewa usidhani imepona. HP za karibuni zimebadili mtindo: huanza na nyekundu ndefu, zikafuatwa na nyeupe fupi. Nyekundu 3 na nyeupe 2, kwa mfano, ni ukaguzi uliokwama kwenye RAM.

Zile za kuunganishwa na vijana wa michezo ndizo rahisi kusoma. Bodi nyingi za ASUS na MSI zina taa nne ndogo pembeni, zimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ukiwasha zitapita zote moja moja, hilo si tatizo. Tatizo ni ile inayobaki imewaka. DRAM ni RAM. VGA mara nyingi ni kadi ya picha isiyokaa vizuri au haijapewa waya wake wa umeme, na wakati mwingine prosesa haina uwezo wa picha wa ndani na mwenyewe hakuweka kadi. Angalia pia waya wa skrini: ikiwa kuna kadi ya picha, waya uende kwenye kadi, sio kwenye bodi. BOOT ikibaki, nenda kwenye diski. CPU ikibaki kwenye mashine iliyotoka kuunganishwa, tazama kwanza ule waya wa umeme wa pini 4 au 8 ulio juu karibu na prosesa. Husahauliwa sana. Na kama bodi inatumia RAM ya DDR5, taa ya DRAM inaweza kukaa dakika kadhaa mara ya kwanza kwa sababu bodi inaipima RAM. Nimemwona kijana akizima na kuwasha, akizima na kuwasha, kila mara akiirudisha mwanzo.

Sasa mikono. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15 ili umeme uliobaki utoke. Bodi nyingi zina taa ndogo ambayo huwaka hata kompyuta ikiwa imezimwa. Hiyo ni ya kusema umeme umefika, si onyo, lakini ikiwa bado inawaka usiguse RAM. Gusa chuma cha kasha kabla ya kuingiza mkono. Na pawa saplai usiifungue, hata kama una bisibisi nzuri na moyo wa simba. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomoa.

Ikiwa hakuna taa hata moja, usianze na bodi. Jaribu soketi nyingine, moja kwa moja ukutani bila ekstensheni. Badilisha waya. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, nayo huungua. Pawa saplai nyingi za Dell zina kitufe kidogo cha kujipima nyuma, karibu na mahali waya unapoingia: ukikibonyeza na taa yake ya kijani isiwake, umeshapata pa kuanzia. Nyumba ambazo stima hukatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ndiyo hutangulia kuumia.

Taa ikielekeza kwenye RAM, hapa ndipo pana faida kubwa kwa sisi wa pwani. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na msimu wa mvua ukifika hata visu vya jikoni vinashika kutu. Zile alama za shaba na dhahabu kwenye ukingo wa RAM hufanya utando usioonekana kwa urahisi, na umeme ukapita kwa shida. Fungua vishikizo, itoe RAM, pangusa ukingo kwa kitambaa laini kilicholowa spiriti safi kidogo, iache ikauke. Wengine hutumia raba ya mwanafunzi. Inafanya kazi, lakini sugua taratibu na upepete vumbi lake lote lisiingie kwenye mfereji. Irudishe hadi usikie vishikizo vinabana. Mashine nyingi nilizoletewa zikiwa na taa ya RAM ziliishia hapo, bila kununua kitu.

Isipowaka, weka RAM moja tu. Jaribu kwenye mfereji mmoja, kisha mwingine, halafu badilisha RAM. RAM moja ikikataa kila mfereji, hiyo ndiyo mgonjwa. Mfereji mmoja ukikataa kila RAM, tatizo liko kwenye bodi au prosesa, lakini mara nyingi unaweza kuendelea kuitumia mashine kwa mifereji iliyobaki. Kwenye bodi ya mifereji minne ukiwa na RAM mbili, kwa kawaida zikae wa pili na wa nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. DDR3 na DDR4 haziingiliani. Pengo lao haliko mahali pamoja, na ukiona unalazimisha, simama.

Kisha betri. Itoe, ngoja dakika chache, weka mpya, upande ulioandikwa ukitazama juu kama bodi imelala. Ukiwasha itakuuliza saa na tarehe. Usipuuze tarehe, kwa sababu ikiwa ya miaka ya nyuma tovuti nyingi zitakataa kufunguka na utadhani intaneti ndiyo mbovu. Mipangilio ya diski nayo huweza kurudi kama ilivyotoka kiwandani na Windows ikakataa kuanza, kwa hivyo, mashine ikiwa bado inawaka, ipige picha kurasa za BIOS kabla ya kuigusa betri.

Ikibaki taa ileile, ondoa kila kisichohitajika: diski, kadi, vifaa vyote vya USB. Acha prosesa, RAM moja na umeme. Ikitoa picha, rudisha kimoja kimoja mpaka ikwame tena. Isipotoa, angalia bodi kwa tochi ya simu. Kapasita ni vile vidude kama vikopo vidogo. Vikiwa vimefura juu au vimevuja, hapo nakubali bodi ina neno. Vilevile ukiona kutu ya kijani, au pini za prosesa zimepinda. Kazi hizo ni za fundi, tena mwenye mkono mtulivu.

Ukienda kwake, nenda na video ya mipepeso na jina kamili la mashine, na umwambie ulichokwisha jaribu. Muulize taa inasema nini na amesoma wapi. Mwombe aweke RAM nyingine mbele yako kabla ya kutaja bei ya bodi. Na bodi akiibadilisha, ya zamani urudi nayo nyumbani, ni mali yako. Wapo mafundi wengi waaminifu mjini, na hao hawachukii kuulizwa. Mmoja alifurahi hata akaniomba nimtumie kile kitabu cha mashine yetu.

Kompyuta ya tatu ya madrasa haijapepesa bado. Umri wake ni sawa na wenzake, na Ustadh ameshaweka betri moja ya akiba kwenye droo ya meza, ndani ya bahasha iliyoandikwa tarehe tuliyoinunua.