Dismetria, au Mkono Uliokosa Kadiri

Miongoni mwa istilahi ambazo elimu ya neva imezirithi kutoka Kiyunani, dismetria ni mojawapo ya zile ambazo mfasiri wetu huzipita upesi, akaandika "kutetemeka" au "udhaifu wa viungo" na kwenda zake. Walakini hizo ni dalili nyingine, hata kama aghalabu huonekana kwa mgonjwa mmoja. Na aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kuzibainisha, kila moja na mpaka wake, ni tabibu Gordon Holmes, Mwairishi aliyezaliwa mwaka 1876 na kufanya kazi katika hospitali ya maradhi ya neva ya Queen Square, London.

Kiungo ambacho kuharibika kwake huleta dismetria hukaa chini ya kisogo. Kilatini kilikiita ubongo mdogo, nasi tumefuata, ingawa udogo huo ni wa umbo tu: uzani wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, ilhali seli zake za neva ni takribani bilioni 69 katika bilioni 86. (Mimi, lau ningeulizwa, ningesema "ubongo wa kisogoni", maana mahali pa kitu hapadanganyi kama ukubwa wake.) Tangu miaka ya 1820 Flourens wa Ufaransa alikwisha kuonyesha kwamba njiwa aliyeondolewa kiungo hicho hakosi nguvu wala nia ya kwenda, bali hukosa mpango wa mwendo; illa njiwa hawezi kuulizwa anahisi nini.

Waliokuja kuulizwa ni askari. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Holmes akiwa tabibu mshauri wa jeshi la Uingereza huko Ufaransa, aliletewa vijana waliopigwa risasi na vipande vya mizinga kisogoni, wengi wao wakiwa na jeraha la upande mmoja. Na kwa kuwa ubongo mdogo huutumikia upande wake wenyewe wa mwili, si upande wa pili kama ulivyo ubongo mkubwa, majeruhi wa namna hiyo alikuwa na mkono mmoja mgonjwa na mwingine mzima, hata tabibu akaweza kuupima huu kwa ule katika mtu yule yule, saa ile ile. Matokeo ya uchunguzi huo aliyachapisha mwaka 1917.

Mtihani mmoja, alioueleza pamoja na tabibu mwenzake Stewart tangu mwaka 1904, hauhitaji chombo chochote. Mgonjwa huambiwa akunje mkono kuelekea kifuani kwa nguvu zake zote, na tabibu amshike kifundo na kumzuia, kisha amwachie ghafula. Mkono mzima huruka kidogo ukajizuia, lakini mkono mgonjwa hukosa wa kuusimamisha, na mwenyewe hujipiga kifuani au usoni. Ama katika makala yake ya mwaka 1939 alieleza jinsi alivyofunga taa ndogo yenye kumetameta kwenye kidole cha mgonjwa, akamtaka aguse alama moja baada ya nyingine gizani, huku kamera ikiandika njia ya kidole: upande mzima ulitoa nukta zilizopangika, na upande mgonjwa ulikawia kuanza, ukaenda upogo, ukaipita alama, kisha ukarudi kuitafuta. Mmoja wa wagonjwa wake alimweleza kwamba mkono wa kushoto hujiendea wenyewe, ila wa kulia ni lazima aufikirie kila hatua.

Basi tuliite nini jambo hili? Kiyunani kinasema ubovu wa kipimo, na wako watakaoridhika na "kipimo". Lakini kipimo kwetu ni chombo, au ni matokeo ya kupima kitu ambacho tayari kipo, ilhali mkono unaonyooshwa kuchukua kikombe cha kahawa hauna cha kupima mpaka ufike. Yapasa nguvu ya kuusukuma na wakati wa kuuzuia vijulikane kabla. Hapo ndipo neno "kadiri" linapotufaa, kwa sababu ndani yake mna kiasi chenyewe na mna pia kukadiria, yaani kuhesabu jambo lisilotimia bado. Dismetria na iwe ukosefu wa kadiri. Mkono unaoruka mbele ya alama umepita kadiri, na unaosita kabla ya kuifikia haukufika kadiri. Wapenda kuunganisha wanaweza kuandika "ukosakadiri", nami sitagombana nao, ila sitalitumia.

Wala kadiri si kusukuma tu. Katika miaka ya 1960, Masao Ito na wenzake huko Tokyo walithibitisha kwamba seli za Purkinje, ambazo ndizo njia ya pekee itokayo katika gamba la ubongo mdogo, kazi yao yote ni kuzuia: hazimwamuru jirani afanye, humpunguza au humnyamazisha. Kwa hiyo tabibu akiandika katika faili kwamba mkono wa kulia wa mgonjwa "wapita kadiri", atakuwa amesema alichokiona, na pia ameashiria kizuizi kilichopotea.