Mwongozo wa mtumiaji wa programu
Ni maandishi yanayomwelekeza mtu, hatua kwa hatua, jinsi ya kutumia programu ya kompyuta au simu. Mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haja yake ilionekana wazi tarehe 30 Desemba 2018, wapiga kura walipoikuta mashine mpya ya kupigia kura ya CENI, tume ya uchaguzi ya nchi hiyo. Hatua zake zilikuwa hizi: ingiza karatasi, gusa picha ya mgombea urais au andika namba yake, thibitisha, fanya vivyo hivyo kwa wabunge wa taifa na wa jimbo, kisha mashine inachapa kura, nawe unaikunja na kuitia sandukuni. Mwongozo bora hutaja kitakachoonekana kwenye skrini na namna ya kusahihisha kosa kabla ya kuthibitisha. Kwa wakazi wa Bunia, Kifaransa peke yake hakitoshi. Kiswahili ni lazima.