Chakula cha Kuchoma kwa Mtoto Anayechagua Chakula

Mtoto anakataa mchuzi, anatema mboga, anataka chai na mkate tu. Ukimsogezea sahani anageuza uso. Siku za kupima uzito kliniki, sisi wauguzi husikia malalamiko haya karibu kwa kila mama wa pili. Wapo watoto ambao hawagusi nyama ya mchuzi lakini wakipewa mshikaki wanakula. Makala hii inaeleza jinsi ya kutumia jiko lako la mkaa kumlisha mtoto wa aina hiyo pamoja na familia nzima, bila kupika vyungu viwili na bila kumhatarisha mtoto.

Kwa nini mtoto huchagua chakula?

Mwaka wa kwanza mtoto hukua haraka sana. Baada ya hapo kasi ya kukua hupungua, na hamu ya kula hupungua pia. Kuanzia miaka 2 hadi 5 hivi, mtoto huanza kuwa na msimamo wake na huogopa vyakula asivyovijua. Hiyo ni sehemu ya kukua, si ukaidi wala si kwamba umemlea vibaya.

Lakini ziko sababu nyingine ambazo unaweza kuzirekebisha:

- Ameshiba chai, juisi, soda, biskuti au maziwa mengi kabla ya chakula.
- Chakula kina pilipili au kimechanganywa hata haoni anachokula.
- Nyama ni ngumu, hawezi kuitafuna, anaitema.
- Analazimishwa, anafokewa au anachapwa wakati wa kula, hivyo ameanza kuichukia sahani yenyewe.
- Anaumwa: meno yanaota, ana vidonda mdomoni, minyoo, homa au upungufu wa damu.

Chakula cha kuchoma kinasaidiaje?

Chakula cha kuchoma kinashikika kwa mkono. Kila kitu kiko peke yake: hii nyama, hiki kiazi, hii nyanya. Mtoto anaona, ananusa, anachagua aanze na kipi. Kwa mtoto anayeogopa vyakula vilivyochanganywa, hilo tu linaweza kumfanya ajaribu.

Pia kinakuwezesha kumpa mtoto nyama yenyewe. Katika nyumba nyingi nyama huenda kwa wakubwa na mtoto humwagiwa mchuzi juu ya ugali. Mchuzi na supu vina ladha ya nyama, lakini protini na madini ya chuma kwa sehemu kubwa hubaki kwenye nyama. Mtoto anayekula mchuzi tu kila siku anaweza kupungukiwa damu huku familia ikiamini anakula nyama. Kipande kinacholingana na kiganja chake mwenyewe kwa mlo mmoja kinamtosha mtoto mdogo. Mkitoa nyama jikoni, toa fungu lake kwanza.

Kama nyama haipo, usikate tamaa. Samaki, dagaa, mayai, maharage na kunde pia humjenga mtoto. Maini yana madini ya chuma na vitamini A kwa wingi. Kiasi kidogo mara moja kwa wiki kinatosha.

Mishikaki laini ya familia (watu 5 hadi 6)

Mahitaji:

- Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, nusu kilo hadi robo tatu
- Kitunguu saumu punje 3 na tangawizi kipande kidogo, vyote vimetwangwa
- Limau 1
- Papai bichi lililosagwa, kijiko 1 cha chakula, kwa ajili ya kulainisha nyama
- Mafuta ya kula kijiko 1 cha chakula
- Chumvi kidogo
- Karoti, pilipili hoho na nyanya ngumu

Namna ya kupika:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Kata nyama vipande vidogo. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi vioshe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari.
2. Changanya nyama na viungo vyote, isipokuwa mboga. Funika, iache mahali pa baridi kwa dakika 30 hadi saa 1. Usiweke pilipili kali. Wakubwa watajiwekea mezani.
3. Kama nyama ni ngumu, ichemshe kwanza hadi ilainike, kisha imalizie kwenye makaa. Karoti pia zichemshe kidogo.
4. Loweka vijiti kwenye maji kwa nusu saa ili visiungue. Tunga nyama na mboga.
5. Subiri moto wa juu uishe na mkaa ufunikwe na majivu meupe. Choma polepole huku ukigeuza mara kwa mara.
6. Kata kipande kikubwa kuliko vyote. Kama ndani bado ni chekundu au kinatoa majimaji ya damu, rudisha jikoni. Kuku na samaki lazima waive kabisa hadi ndani.
7. Weka nyama iliyoiva kwenye sahani safi, si ile iliyokuwa na nyama mbichi.

Kando ya nyama unaweza kuchoma viazi vitamu, ndizi au muhogo. Viazi lishe, vile vyenye rangi ya chungwa ndani, vina kiini cha vitamini A. Malizia na kachumbari, au kipande cha chungwa au embe, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya majani isiende pamoja na mlo huu, kwani huzuia madini hayo.

Namna ya kumpa mtoto

Kazi yako ni kuamua apewe nini, saa ngapi na wapi. Kazi yake ni kuamua ale au asile, na ale kiasi gani. Ukishika mgawanyo huo, vita vya mezani hupungua.

- Mpe vyakula anavyovijua pamoja na kimoja kipya, kidogo tu. Karibu na kiazi anachokipenda, weka kipande kimoja cha pilipili hoho.
- Akikataa, usigombe na usimpikie kingine. Kilete tena siku nyingine. Watoto wengi huhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 10 au zaidi kabla ya kukikubali. Akinamama wengi huacha mara ya tatu.
- Kuleni pamoja. Baba akila mboga mbele yake, ni somo kubwa kuliko maneno.
- Mshirikishe: aoshe nyanya, apange sahani, achague rangi za mboga. Kutunga vijiti na kukaa karibu na jiko ni kazi ya mtu mzima.
- Usimuahidi pipi akimaliza nyama. Atajifunza kwamba pipi ni bora na nyama ni adhabu.
- Kati ya mlo na mlo mpe maji ya kunywa, si juisi. Aje mezani na njaa yake.

Usalama kwanza

*Kukabwa na chakula.* Kabla ya kumpa mtoto, toa nyama kwenye kijiti. Mtoto wa chini ya miaka 5 akatiwe vipande vidogo sana au nyama ichambuliwe nyuzinyuzi. Samaki mchambue kwa vidole vyako mwenyewe, taa ikiwa inaonyesha vizuri, hadi miiba iishe. Punje ngumu za mahindi ya kuchoma asipewe mtoto mdogo. Ale akiwa amekaa, si akikimbia. Akikabwa lakini bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kiganja, na mtu mwingine atafute msaada haraka. Usiingize kidole kooni bila kuona kilichokwama.

*Moshi na mkaa.* Choma nje, au mahali penye hewa ya kutosha. Usiingize jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi au mvua, hata kama halitoi moshi. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na huweza kuua familia nzima usingizini. Usiwashie moto kwa mifuko ya plastiki. Sumu yake huingia kwenye pumzi na kwenye chakula.

*Kuungua.* Weka mpaka ambao mtoto havuki, kama hatua tatu kutoka jikoni. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, kisha mpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta, asali wala yai.

*Sehemu zilizoungua.* Nyama inapoungua hadi kuwa nyeusi hutengeneza kemikali zisizofaa kwa afya. Ondoa sehemu nyeusi usimpe mtoto. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, sogeza nyama pembeni.

*Mabaki.* Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kikibaki hadi jioni, kiwe kimehifadhiwa kwenye baridi na kipashwe hadi kiwe cha moto sana.

*Soseji.* Zina chumvi nyingi na zimesindikwa. Zisichukue nafasi ya nyama au samaki kwenye sahani ya mtoto.

Lini umpeleke kituo cha afya?

Mtoto anayechagua chakula lakini anacheza, anakua na mstari wake kwenye kadi ya kliniki unapanda, kwa kawaida hana tatizo. Usisubiri ukiona:

- Uzito hauongezeki au unapungua
- Viganja, midomo au ndani ya macho ni vyeupe, au anakula udongo
- Anatapika, anaharisha mara kwa mara au ana homa
- Anapaliwa au kulia kwa maumivu kila anapomeza
- Miguu imevimba, au amelegea na hachezi
- Amebaki na vyakula viwili au vitatu tu na vinaendelea kupungua

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, omba apimwe mzunguko wa mkono. Kipimo cha chini ya sentimita 12.5 kinaonyesha utapiamlo, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu ya haraka. Uliza pia kama amepata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A; hutolewa mara mbili kwa mwaka. Nenda na kadi yake, na mweleze mhudumu kila alichokula tangu jana, hata kama ni chai na mandazi tu. Maelezo hayo ndiyo yatakayomsaidia kukushauri.