Azimio la Musoma: chujio lililowasahau wasichana

Hebu fikiria umemaliza kidato cha sita, matokeo yako mazuri kabisa, lakini mlango wa chuo kikuu bado umefungwa. Kwanza uende JKT. Ukitoka huko ufanye kazi miaka miwili. Halafu mwajiri wako na tawi la chama wathibitishe kwamba unafaa. Ndivyo mambo yalivyokuwa Tanzania baada ya Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma.

Wengi tunalikumbuka Azimio la Musoma kwa elimu ya msingi: lengo la kila mtoto kwenda shule, lililokuwa limepangwa kwa 1989, likavutwa hadi 1977. Upande wa chuo kikuu hauzungumzwi sana, na huo ndo tunaoutaka leo.

Kwa nini alama zisitoshe? Turudi nyuma kidogo. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sharti la kulitumikia taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Mwaka uliofuata, katika Elimu ya Kujitegemea, alieleza kwamba mtihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyaeleza kwa muda uliopangwa, lakini haupimi tabia wala moyo wa kutumikia watu. Hoja hiyo ina uzito hata leo. Na Musoma ilikuwa na faida yake pia: watu wazima waliokuwa kazini, ambao zamani chuo kilikuwa ndoto kwao, sasa walipata njia.

Ila kuna kundi lilianza kupungua darasani, nalo ni wanawake.

Hakuna mahali azimio liliposema wanawake wasiingie. Sharti lilikuwa moja kwa wote. Tatizo ni kwamba ile miaka mitatu haikuwa sawa kwa wote. Kwa msichana wa umri ule ndo miaka ya kuposwa, kuolewa na kulea. Akishaolewa, kurudi masomoni kunategemea na mume pia. Kazini nako, anayeandika barua ya kumpendekeza mara nyingi ni mwanamume.

Tuliangalie kwa hesabu, ya mfano tu. Chukulia wavulana 100 na wasichana 100 wenye alama sawa. Kuna vizuizi vitatu. Kila kizuizi wavulana wanapita 80 kati ya 100, wasichana 70 kati ya 100. Tofauti inaonekana ndogo, siyo? Mwishoni wavulana wanabaki 51, wasichana 34. Yaani upendeleo mdogo ukirudiwa mara tatu unakuwa pengo kubwa, bila mtu yeyote kukusudia.

Serikali iliona. Kabla miaka ya 1970 haijaisha, wanawake waliruhusiwa tena kuingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Wapo waliosema huo ni upendeleo. Lakini hakuna aliyepunguziwa alama hapo. Kilichoondolewa ni kizuizi ambacho hakikuwa kinapima akili ya mtu.

Hata hivyo, kurudi kwenye alama peke yake hakukumaliza kazi. Alama za fizikia zinategemea pia kama shuleni kwako kulikuwa na maabara na mwalimu. Ndiyo maana miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokosa kidogo tu nafasi ya kusoma sayansi: walifundishwa kwanza, kisha wakapimwa. Hiyo ni dawa ya aina nyingine. Musoma ilibadilisha kipimo. Huku wakaongeza ufundishaji.

Kwa hiyo ukisikia mabishano ya nani anastahili nafasi chuoni, usiishie kuuliza kama sharti ni moja kwa wote. Uliza pia linamgharimu nini kila anayetakiwa kulitimiza, na nani ameshika kalamu ya kusaini. Mwaka 1974 maswali hayo mawili yangeulizwa mapema, pengine wasichana kadhaa wasingelazimika kusubiri sheria ibadilishwe ndipo waingie darasani.