Karatasi Iliyovuka Petite Barrière

Baina ya mji wa Gisenyi, ambao katika maandiko ya serikali leo hutajwa kwa jina la wilaya yake ya Rubavu, na mtaa wa Birere wa mji wa Goma, pana kivuko cha nchi kavu kiitwacho Petite Barrière, ambacho mgeni akikitazama asubuhi, wakati wachuuzi, wengi wao wanawake, wanapopanga foleni na vikapu vya kabichi, karoti na nyanya vichwani, na walemavu wanaposukuma mizigo ya watu kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, angedhani ni mlango wa soko moja kubwa kuliko kudhani ni mpaka wa dola mbili zilizokwisha kumwaga damu. Mpaka wenyewe ulikatwa na Wazungu mwaka 1910, walipokutana Brussels Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, wakagawana nchi ya volkano za Virunga pasipo kumuuliza mwenyeji hata mmoja. Tarehe 20 Septemba 1976, katika mji huuhuu wa Gisenyi, Rwanda, Burundi na Zaire zilitia saini mkataba wa jumuiya ya kiuchumi ijulikanayo kwa herufi za CEPGL, kwa azma ya kuurahisisha mpaka huo. Bidhaa zikapita, ndoa zikafungwa, watu wakakopeshana upande kwa upande. Walakini forodha hupekua vikapu, maneno hayapekuliwi.

Mwaka 1990, wakati vita vya waasi wa RPF vilivyoanza tarehe 1 Oktoba vilikuwa bado vibichi, gazeti la Kangura, ambalo mhariri wake Hassan Ngeze alikuwa mwenyeji wa Gisenyi, lilichapa katika toleo lake la 4, la mwezi Novemba, waraka uliodaiwa kuokotwa Kivu Kaskazini mwaka 1962, ndani yake ukisimuliwa mpango wa siri wa Watutsi wa kuitwaa Kivu na nchi zote za katikati ya Afrika, kwa hila, kwa mali na kwa kuwaoza binti zao kwa wakubwa. Waraka ulikuwa wa bandia. Jean-Pierre Chrétien, mwanahistoria Mfaransa aliyevichunguza vyombo vya habari vya Rwanda kwa makini kuliko wengi, aliufananisha na ule uzushi uitwao Itifaki za Wazee wa Sayuni, uliochapishwa Urusi mwaka 1903 kuwasingizia Wayahudi kwamba wana baraza la siri la kuitawala dunia. Na mfano huo ni wa haki, kwa sababu nyaraka mbili hizi zina muundo mmoja: kaumu iliyo ndogo kwa hesabu hufanywa kuwa kubwa kwa hila, unyenyekevu wake huhesabiwa kuwa udanganyifu, na kila atakayekana kuwapo kwa mpango huambiwa kwamba kukana kwake ndio ushahidi. Gazeti la The Times la London liliufichua uwongo wa Itifaki mwaka 1921, wala ufichuzi haukuzizuia kuuzwa. Mwezi Desemba 1990 Kangura likatoa amri kumi za Wahutu, na ya kwanza kabisa iliwahusu wanawake wa Kitutsi.

Hapa ndipo panapohitaji subira ya msomaji, kwa kuwa mambo haya hayakuja kwa sura ya dhulma bali kwa sura ya uadilifu. Ilani ya Wahutu ya tarehe 24 Machi 1957 ililalamikia mambo ya kweli: kazi za shuruti, mashamba, shule na vyeo vilivyohodhiwa na wachache chini ya kivuli cha Wabelgiji, ambao wenyewe katika miaka ya 1930 ndio waliowagawia watu vipande vyenye kabila. Chama cha Parmehutu, kilichofuata mwaka 1959, kilijinadi kwa lugha ya mapinduzi ya jamii na ukombozi wa rubanda nyamwinshi, yaani umma ulio mwingi. Na ni kioja cha tarikhi kwamba mapinduzi hayo ya wanyonge yalilelewa na mapadri na maafisa wa Kibelgiji, ilhali UNAR, chama cha wafuasi wa mfalme, kikitafuta hisani kwa dola za kikomunisti katika Umoja wa Mataifa. Laiti malalamiko yangeelekezwa kwa utawala peke yake, pasingekuwa na la kulaumiwa. Lakini palipotakiwa kusemwa mtemi, mwenye ardhi au mkoloni, ilisemwa Mtutsi, naye mchunga ng'ombe maskini asiye na cheo wala shamba akaingizwa katika daftari moja na watawala. Wajamaa wa Ujerumani wa mwisho wa karne ya 19 walikuwa na msemo uliovuma sana kwao, kwamba kuwachukia Wayahudi ni ujamaa wa wapumbavu. Kwa maoni yangu msemo huo una upungufu, maana wengi walioshika njia hiyo, huko na huku, hawakuwa wapumbavu hata kidogo, walikuwa wasomi.

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1991, swali hili la kutenganisha utawala na kabila liliingia katika kumbi za wapinzani wenyewe. Chama cha MDR kilikuwa mrithi wa Parmehutu, na ndani yake walikuwamo watu kama Agathe Uwilingiyimana, Mhutu na mwalimu, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia Julai 1993, waliotaka urithi ule wa kikabila uzikwe. Na walikuwamo wengine walioutaka ufufuke. Tarehe 23 Oktoba 1993, siku mbili baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa na askari wa Kitutsi, Froduald Karamira, kigogo wa chama hichohicho, alipanda jukwaani Kigali akauita umma kwa jina la Hutu Power, na tangu hapo karibu kila chama cha upinzani kikapasuka vipande viwili. Kilichopasuka kwa uchache ni PSD, chama cha mrengo wa kushoto kilichokuwa na nguvu kusini. Katibu wake mkuu, Félicien Gatabazi, waziri wa ujenzi, alikataa hadharani kuingia katika umoja wa nasaba, akishikilia kwamba adui wa mkulima ni ufukara na utawala wa kidikteta. Aliuawa kwa risasi Kigali usiku wa tarehe 21 Februari 1994. Kesho yake watu wenye hasira wa Butare wakamuua Martin Bucyana, mwenyekiti wa CDR, chama cha siasa kali ambacho mmoja wa waasisi wake, Jean-Bosco Barayagwiza, alikuwa mtu wa mkoa wa Gisenyi. Jambo hilo la pili silisifu. Tarehe 7 Aprili waliuawa Uwilingiyimana na mwenyekiti wa PSD, Frédéric Nzamurambaho, na wote wawili ni Wahutu. Watu hawa hukumbukwa nusunusu, kwa kuwa hawaingii sawasawa katika hadithi ya upande wowote. Nami nadhani hakuna somo la upinzani dhidi ya chuki ndani ya chama lililo wazi kuliko lao, maana mwenzako akikukemea huwezi kumwambia kwamba haijui dhiki yako.

Gisenyi, mkoa alikozaliwa Rais Habyarimana wa Rwanda, mauaji ya kimbari ya Watutsi yalianza siku ileile ya tarehe 7, na makaburi ya mji, yaliyopewa kwa dhihaka jina la Commune Rouge, yakawa machinjio. Kisha katikati ya Julai, jeshi la serikali lililoshindwa vita, na wanamgambo wake, pamoja na mamia ya maelfu ya raia, wengi wao wasio na hatia yoyote, wakamiminika Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikaja. Takriban watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Karatasi ya Kangura ikavuka pamoja nao kurudi ilikodaiwa kuokotwa. Ngeze na Barayagwiza, pamoja na Ferdinand Nahimana wa redio ya RTLM, walihukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha tarehe 3 Desemba 2003, katika hukumu iliyomkumbuka Julius Streicher, mhariri wa Kijerumani aliyenyongwa Nuremberg mwaka 1946 kwa yale aliyoyachapa juu ya Wayahudi. Rufaa ya mwaka 2007 ikawapunguzia adhabu, Ngeze akabaki na miaka 35.

Huko Kongo chuki ilipata tena wasemaji wa kushoto. Laurent Kabila, aliyepigana na Che Guevara kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1965 na kuasisi chama cha PRP mwaka 1967, aliingia Kinshasa mwaka 1997 akisaidiwa na askari wa Rwanda na Wanyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo. Walipokosana Agosti 1998, msaidizi wake Abdoulaye Yerodia Ndombasi, msomi wa mrengo wa kushoto aliyeishi Paris, aliwataja maadui kwa jina la wadudu waharibifu, na Watutsi wakawindwa katika mitaa ya mji mkuu. Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2000, alipokuwa waziri. Mahakama ya Kimataifa ya The Hague, tarehe 14 Februari 2002, iliamua kwamba hati hiyo ilivunja kinga yake ya uwaziri.

Siku hizi karatasi haihitaji mtambo wa chapa. Tarehe 17 Juni 2022 askari wa Kongo alivuka Petite Barrière akifyatua risasi, akauawa upande wa Rwanda, na kabla ya jioni simu za Goma zilikuwa zimejaa picha na wito wa kisasi. Novemba 2023 umati wa Goma ulimuua na kumchoma moto afisa wa jeshi la Kongo lenyewe, kosa lake likiwa ni Unyamulenge, na picha zikasambazwa kwa fahari. Mkongo anayo haki kamili ya kuishutumu serikali ya Kigali kwa kuwasaidia waasi wa M23, jambo ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamelithibitisha katika taarifa zao, na ya kuwalilia wakimbizi wa Kihutu waliouawa misituni mwaka 1996 na 1997, ambao taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 iliwataja. Tena ni kweli kwamba watawala wa Kigali mara nyingine humtuhumu mkosoaji wa kweli kwa itikadi ya mauaji ili anyamaze. Mizani ya kupimia si ngumu kama inavyodaiwa: anayeishutumu serikali hutaja amri, jeshi na tarehe, na mchuuzi wa Kitutsi anayevuka na nyanya zake hamhusu, mwenye chuki humrudia yuleyule mchuuzi, na waraka wa 1962. Shida ni nani atakayeishika mizani hiyo, kwa sababu katika vikundi vya mtandaoni vya wanaojiita wafuasi wa Lumumba na wanaumajumui wa Afrika, Goma kama Brussels, mwenzao anayethubutu kusema kwamba waraka ule ni wa kughushi huitwa kibaraka wa Kigali, kama vile watu wa msimamo wa Gatabazi walivyoitwa ibyitso, washirika wa adui, na waliobaki kundini aghalabu hunyamaza, kwa kuhesabu kwamba vita vikiisha watapata wasaa wa kuyazungumza hayo.